Kamera ya kuhimili mvua, maji yanaingia au hayaingii?

Yanaingia mkuu, kuandikwa inahimili mvua sio kwamba haiingizi maji, kampuni nyingi hata namba ya IP (kipimo cha kuzuia vumbi na maji) hazitoi, kamera ya OM System OM-1 ya 2022 ni kati ya chache zenye nayo na ni IP53, yaani vumbi na maji ya kurushiwa tu, kuzamisha sahau. Halafu cheki kitako cha lenzi, kama hakina ile raba nyembamba ya kuzunguka basi maji yanapita hapohapo hata bodi (kamera yenyewe bila lenzi) iwe ya bei gani. Mi nilipiga harusi Tanga mvua ikatukuta, bodi ilipona ila lenzi ya kawaida ikashika ukungu ndani. Na kifuniko cha betri kikilegea, raba zingine zote kazi bure. Waranti nayo mara nyingi haigusi mambo ya maji.