Usimpunguzie imatinibu kwa sababu ya kutapika

Dada mmoja wa Likoni ameniandikia kwamba mumewe, mwenye saratani ya damu ile inayokwenda polepole, humeza imatinibu leo akaiacha kesho kwa sababu inamtapisha. Dada, mchezo huo uishe leo. Dozi zikirukwa, seli za saratani huzaliana upya, na huenda baadaye dawa isizishinde tena. Kutapika kuna dawa yake.

Imatinibu hukera tumbo, hasa tumbo tupu. Mpe pamoja na mlo mkubwa wa siku, si chai kavu, na bilauri kubwa ya maji, kisha asilale papo hapo. Kidonge cha miligramu 400 kikimshinda kumeza, kitie katika mililita 200 za maji, koroga mpaka kivurugike, anywe mara moja. Akikitapika asirudie siku hiyo. Hali ikiendelea, daktari amwandikie dawa ya kuzuia kutapika. Akitaka kufunga Ramadhani, azungumze na daktari mapema: dozi ya mara moja kwa siku huweza kuhamishiwa kwenye futari, ila usiku anywe maji ya kutosha.

Macho kuvimba asubuhi ni jambo la kawaida kwa dawa hii. Uangalie uzito. Apimwe kwa mizani ileile. Akiongezeka kilo 2 ndani ya wiki, au akihema kwa shida, maji yanajaa mwilini na aonwe haraka.

Sasa homa, na hapa naomba sana mnisikie. Mwambao huu kila homa huitwa malaria, mtu akakimbilia duka la dawa. Imatinibu huweza kushusha chembe nyeupe za damu, na maambukizi madogo yakamuua mgonjwa kwa siku chache. Kipimajoto kikisoma nyuzi 38, msimpe parasetamoli ya kuificha. Vukeni feri hata usiku wa manane, mwende hospitali ya Coast General, na neno la kwanza mlangoni liwe "ana saratani ya damu". Apimwe malaria, ndiyo, lakini na hesabu kamili ya damu pia. Hesabu hiyo hupimwa kila wiki mwezi wa kwanza wa tiba, kila wiki mbili mwezi wa pili.

Balungi asile, huzidisha dawa mwilini. Akianzishiwa dawa za kifua kikuu aseme kabla ya kumeza: rifampisini huipunguza imatinibu vibaya.