Bodi inajifuta kila nikiiwasha

SWALI: Shikamoo fundi. Nimetengeneza kifaa cha kupima kina cha maji kwenye tangi la shule yetu kwa kutumia BeagleBone Black, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, toleo la Rev C. Nilitaka mfumo endeshi wa Debian ukae kwenye flashi ya ndani badala ya memori kadi. Nikafuta alama ya # kwenye mstari wa flasher (unaonakili mfumo kwenye flashi) katika faili la mipangilio ya kuwasha, /boot/uEnv.txt, nikawasha huku nimeshika kitufe cha boot, taa nne zikakimbia huku na huku, mwishowe zikazima. Nikachomoa kadi, nikaweka programu yangu, ikafanya kazi vizuri. Juzi nikairudisha kadi ili nihifadhi vipimo. Kuwasha tu, taa zikaanza kukimbia tena na programu yote ikafutika, na wala sikugusa kitufe! Ninunue bodi nyingine?
Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Usinunue, bodi yako ni nzima kabisa. Anayefuta ni hiyo kadi.

Ulipoondoa ile #, uliiamuru kadi kwamba kila ikisomwa wakati wa kuwasha, isifungue Debian ya kutumia bali iendeshe hati ya kunakili mfumo wote kwenye flashi ya ndani. Hati hiyo husafisha flashi kwanza, ndipo inakili. Amri haijifuti baada ya kazi. Imebaki kwenye kadi vilevile. Nayo U-Boot, ile programu ndogo inayoanzisha mfumo, iliyokwisha kukaa kwenye flashi huchungulia kadi kwanza kabla ya kufungua mfumo wake yenyewe. Ikakuta uEnv.txt, ikatii. Ndiyo maana kitufe hakikuhitajika.

Kuirudisha # hakutakusaidia, maana bodi itaanza kufungukia kwenye kadi na utahangaika kujua uko wapi. Weka kadi kwenye laptopu, ifomati upya, ibaki tupu. Hapo itapokea vipimo bila kumsumbua mtu.

Kwa sasa programu imekwenda, iweke tena, safari hii ukiwa na nakala kwenye laptopu. Kabla ya hapo hakikisha umo kwenye flashi kweli: andika lsblk, amri inayoorodhesha diski. Tafuta diski ambayo pembeni yake kuna vipande viwili vidogo, mmcblk1boot0 na mmcblk1boot1. Vipande hivyo kadi haina, ni vya eMMC, yaani hiyo flashi ya ndani, peke yake. Alama ya /, yaani mfumo unaoutumia sasa, ikiwa chini ya mmcblk1, umefika.

Kitufe chenyewe nacho kinawachanganya wengi. Prosesa hukiangalia pale tu umeme unapoingia. Ukikishika halafu ukabonyeza reset, hakuna kitakachobadilika. Chomoa umeme kabisa, shika kitufe, chomeka, subiri taa ziwake, achia.

Na umeme wenyewe, tafadhali, utoke kwenye adapta ya volti 5 kupitia tundu la duara. USB ya laptopu inaweza kuelemewa katikati ya kuandika, ukabaki na mfumo nusu. Ikitokea hivyo usikate tamaa: hatua ya kwanza kabisa ya kuwaka imechongwa ndani ya prosesa, haiko kwenye flashi, kwa hiyo haifutiki. Kadi nzuri na kitufe vitakurudisha mwanzo.

Ukitaka kuona yanayoendelea, unganisha waya wa serial, unaopeleka ujumbe wa bodi kwenye laptopu, kwenye pini sita za J1, kasi 115200. Herufi C zikimwagika mfululizo, maana yake prosesa imekosa pa kuanzia. Uwe waya wa volti 3.3, mwanangu. Ule wa volti 5 usiutumie, pini hizi hazikutengenezwa kwa ajili yake.