Kaskazi na watoto wadogo

Swali: Shikamoo shangazi. Nawalea watoto wa majirani hapa kwangu Majengo, wa miaka mitatu minne hivi, sasa mama mmoja ataka niwafunze misimu na mila zetu na mi hata chati sina, nianzie wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Chati kwa umri huo ni pesa bure. Saa hii upepo wa kaskazi wavuma na embe zimejaa soko la Kongowea hapa Mombasa, wape wanuse, wamenye, kokwa waioshe waichezee (nguo zitachafuka, waambie mama zao mapema), na Aprili upepo ukigeuka kusi, masika ikianza, watajionea wenyewe embe zimeadimika. Ramadhani nayo yaja mapema kama siku 11 kila mwaka, hiyo wafuatishie mwezi mwandamo. Siku ya mahamri kila mtoto apate kidonge chake asukume, ila karai la mafuta liwe mbali kabisa.