Jibu: Nimepewa umeneja, je, kila malipo yapitie kwangu kwanza?

Usitume huo waraka Jumatatu. Unasema kwa miezi mitatu ya kwanza kila malipo na kila barua pepe ya mteja ipitie kwako "mpaka niwajue vizuri". Hutawajua. Utajua tu wanavyoomba ruhusa.

Mimi nilipewa idara ya usafirishaji kwenye kampuni moja ya maziwa hapa Industrial Area, Nairobi. Aliyeniachia kiti alinishika bega akaniambia, "Hawa ukiwalegezea kamba watakuuza." Nikamwamini, eti kwa sababu ana mvi. Mvi gani! Wiki hiyo hiyo nikaagiza shilingi isitoke bila idhini yangu, na kwenye mfumo wa malipo nikajiweka mwidhinishaji peke yangu. Nilijiona jembe.

Sasa siku moja lori la friji linaenda Machakos, mkanda wa kompresa, ile mashine inayopoza friji, unakatika njiani pale mji wa Mlolongo. Msimamizi wa zamu ni mama aliyeifanya kazi hiyo tangu nikiwa shule ya upili. Ana namba ya fundi wa pale pale, ameshampigia: shilingi 8,500, kifaa na kazi. Mimi niko Upper Hill kwenye kikao cha bajeti, simu nimezima kwa sababu mkurugenzi hapendi zilie. Mama anapiga. Anatuma ujumbe. Anamwomba fundi afanye kwanza alipwe baadaye, fundi anakataa, na simlaumu: alikuwa anatudai pesa za kazi ya awali, na vocha yake ya malipo ilikuwa mezani kwangu ikisubiri sahihi.

Nilipowasha simu saa nane, joto ndani ya lori lilikuwa digrii 15. Supamaketi hupima joto la maziwa kabla ya kupokea. Wakarudisha yote. Tukamwaga mali ya zaidi ya 400,000, bila kuhesabu nafasi kwenye rafu ambayo mshindani aliijaza kesho yake. Kwa sababu ya 8,500! Chekeni tu, hata mke wangu alicheka, na hajui nusu ya hadithi.

Kwenye kikao cha lawama mama yule akaniuliza kwa adabu, "Bosi, ningetoa mfukoni mwangu, ungenirudishia?" Nikanyamaza. Waraka wangu mwenyewe ulisema matumizi yasiyoidhinishwa hayarudishwi. Baada ya hapo hakuna aliyeamua chochote tena. Niliulizwa hadi sukari ya chai, kilo moja au mbili.

Kwa hivyo fanya hivi, na usiniletee "lakini". Chukua vocha za meneja aliyekutangulia, za miezi mitatu, utafute zilizokataliwa. Kwangu, chini ya 20,000 hakukuwa na hata moja. Sahihi zote zile zilikuwa mapambo! Kiasi ambacho hakijawahi kukataliwa, waachie kwa maandishi, jina kwa jina: mpaka hapa amua, lipa, niletee risiti jioni. Na pesa ziwepo kweli kwenye akaunti wanayoweza kuifikia, si ruhusa ya karatasi tu.

Unaogopa wizi? Kwa malipo yanayozidi kiwango cha mtu, anayeomba asiwe anayeidhinisha, hilo libaki. Lakini wanaoweza kuidhinisha wawe wawili au watatu, nawe kila Ijumaa chomoa risiti kadhaa bila kutangaza zipi, umpigie aliyeuza. Na mtu akikosea mara ya kwanza, ongea naye mlango ukiwa umefungwa, kiwango chake usikiguse. Ukimnyang'anya, wengine wataacha kutumia vyao na hawatakuambia.

Umeuliza pia kuhusu kikundi cha WhatsApp na mikutano ya asubuhi; hayo wengine watakujibu, bando langu linaisha. Yule mzee wa ofisini kwenu unayesema alikitaka cheo chako akakikosa, awe wa kwanza kupewa kiwango chake cha kuamua. Na leo kabla hujatoka ofisini, fungua mfumo wenu wa malipo uone nani mwingine anaweza kuidhinisha simu yako ikizimika. Kama ni jina lako tu, ongeza la pili leo leo.