Blanketi la viraka lina mawimbi pembeni na uvimbe katikati: nifumue?

SWALI: Shikamoo fundi. Nashona nguo za watu nyumbani hapa Mwanza, na mabaki ya vitenge na kanga yamejaa ndoo mbili. Nikaamua kuyaunganisha niwe na blanketi la mtoto, bila kupima wala kuchora, naokota tu kipande kinachonivutia naunganisha na kingine. Wiki nzima nilikuwa na raha ambayo sijaipata kwenye sare za shule. Nilipomaliza nikazungushia utepe wa kitenge kimoja pande zote nne, nikalitandika sakafuni. Pembeni lina mawimbi kama bati la migongo, na katikati pamevimba kama andazi. Mume wangu anasema ndiyo malipo ya kushona bila vipimo. Nifumue lote? Na ile kanga nyekundu haitachafua vipande vyeupe nikifua?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Weka wembe chini kwanza. Kazi ya wiki nzima haifumuliwi kwa neno moja la shemeji, ingawa amepatia nusu. Kuna mahali pamoja ulipaswa kupima, ila si huko ndani anakofikiria yeye. Vile vipande ungeweza kuviokota hata gizani. Utepe wa pembeni ndio uliodai futi kamba.

Nadhani najua ulivyofanya, maana na mimi nilifanya hivyohivyo nilipoanza. Ulikata utepe mrefu, ukauanzishia konani, ukashona mpaka mwisho wa upande, kisha ukakata kilichozidi. Ukashukuru Mungu kwamba umetosha. Tatizo ni kwamba ukingo wa viraka haujatulia. Ulivyokuwa unaunyoosha kwa mkono uende sambamba na utepe, ulirefuka, na utepe ukashonwa kwenye urefu huo wa kuvutwa. Ulipouachia ukajikunja, na hapo ndipo mawimbi yalipozaliwa.

Kwa nini unarefuka? Chukua kipande cha kitenge sasa hivi ukishike mkononi. Kivute kufuata urefu wa jora: hakiendi popote. Kivute kwa upana: kinatoa kidogo. Sasa kishike kona kwa kona, yaani mshazari, ukivute. Kinarefuka kama mpira, na kukirudisha ni kazi. Nguo zetu tunazikata kwa kuangalia uelekeo wa uzi, lakini mabaki ndiyo yale ya kwapani na shingoni, yamekatwa kila upande. Ukiweka ubavu wa mshazari nje kabisa, umejitafutia.

Fanya hivi. Fumua utepe tu, usiguse ndani. Tandika blanketi sakafuni, lisawazishe kwa viganja bila kulivuta, kisha lipime urefu mara tatu: katikati kabisa, na mara mbili huku na huku, inchi chache ndani ya ukingo. Vipimo havitalingana. Chukua wastani wake, ukate tepe mbili za pande za urefu kwa kipimo hicho hicho. Bana kwa pini mwanzo, katikati na mwisho, halafu bana tena katikati ya nafasi zilizobaki. Utaona ukingo wa viraka umezidi utepe kidogo na unapwaya baina ya pini. Ndivyo inavyotakiwa. Shona huku upande unaopwaya ukiwa chini, kwa sababu meno ya cherehani yanavuta kitambaa cha chini na kukimeza kile kilichozidi. Piga pasi, kisha urudie hayo hayo kwa upana, ukipima pamoja na tepe ulizokwisha kushona. Tepe zenyewe zikatwe kufuata urefu wa jora, zisikatwe kwa upana.

Andazi la katikati nalo lina dawa, na unaijua tayari, ila hujafikiria kuitumia hapa. Unakumbuka ule mkunjo wa kiunoni kwenye gauni, mwembamba juu na chini, mpana katikati? Kunja blanketi uso kwa uso, mkunjo ukatize juu ya uvimbe. Shona ukianzia kwenye sifuri, panuka taratibu hadi robo inchi pale palipovimba zaidi, kisha rudi kwenye sifuri, umbo la jani la mwembe lililokunjwa katikati. Robo inchi ya mkunjo imeondoa nusu inchi ya kitambaa, kwa hiyo usipapatike. Tandika uangalie. Kama bado, rudia pembeni yake, maana mikunjo miwili midogo hulala vizuri kuliko mmoja mkubwa. Kwenye gauni la harusi mshono wa namna hiyo ungeonekana toka mlangoni. Kwenye viraka unageuka mstari mwingine tu kati ya mistari mia.

Na pasi: ibonyeze na kuiinua. Ukiisukuma kama unanyoosha suruali, utazalisha mawimbi mapya palipokuwa pazuri. Mafundi wengi tunakosea hapo kwa mazoea ya mkono tu.

Kuhusu kuchuja. Lowesha kitambaa cheupe, kilaze juu ya ile kanga, bonyeza na pasi ya moto. Kikitoka na wekundu, kanga itachuja. Watu watakuambia uloweke kwenye chumvi au siki. Mimi siamini. Rangi iliyozidi kwenye kitambaa huondoka kwa kufuliwa mpaka maji yatoke meupe. Kwa kuwa blanketi limeshashonwa, lifue mara ya kwanza peke yake, maji mengi ya baridi, usiliache limelowa, na litandaze juani mara moja badala ya kulikunja likiwa na maji. Safari ijayo fua mabaki yote kabla ya kukata, kwa sababu kitenge kipya nacho kina wanga na hurudi, yaani hupungua, kinapofuliwa. Ukitilia shaka kwamba kipande fulani si pamba, chomoa uzi wake uuchome. Pamba hunuka kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka ikaganda punje ngumu, na ndiyo itakayokuja kukunata kwenye pasi.

Sasa hiyo raha uliyoisema, usiiache kwa sababu ya mawimbi. Siku hizi mimi naunganisha mabaki kwanza mpaka nipate vibao vya kama inchi kumi na mbili, nakipiga kila kimoja pasi, nakinyoosha kingo nne kwa mkasi, ndipo navishonanisha. Ndani ya kibao nafanya ninavyotaka. Juzi kipande cha jina la kanga kilikatika kwenye «Mgeni njoo mwenyeji apone», likabaki «njoo mwenyeji» tu. Nikakiweka hivyohivyo, kimegeuka mwaliko wa ajabu. Ndoo ya mabaki ina mambo ambayo huwezi kuyapanga.

Ukitaka kushona usipime kabisa, kuna njia nyingine, na ningependa uijaribu baada ya hili. Kule India, jimbo la Karnataka, wapo Wasidi, watu wenye asili ya Afrika. Mababu zao walivushwa bahari karne nyingi zilizopita, wengi wakiwa watumwa, na baadhi walitoka huku kwetu pwani ya Afrika Mashariki. Wanawake wao hushona blanketi za viraka zinazoitwa kawandi, na hakuna anayechora kitu. Hutandika kitambaa kikubwa cha chini, mara nyingi sari kuukuu, wakaanzia konani. Kipande huwekwa, ukingo wake hukunjiwa ndani kwa kidole, kisha hupigwa bandi kwa mkono, yaani mishono ya kuingia na kutoka, sindano ikipenya tabaka zote. Kinachofuata hukaa ubavuni mwake. Wanazunguka pembeni yote, wakirudi wanaingia ndani, raundi kwa raundi, mpaka mshono ufunge katikati. Mwisho kabisa kila kona hupewa pembetatu zilizokunjwa, wanaziita phula, maana yake maua.

Angalia ufundi uliomo. Kila kiraka kinashonewa juu ya kitambaa kizima ambacho hakijakatwa, kwa hiyo hata kikiwa mshazari hakina pa kurefukia, kimeshikwa kutoka chini. Na kwa kuwa ukingo wa nje ndio unaoshonwa kwanza, mawimbi ya aina yako hayapati nafasi. Hakuna futi kamba, na halivimbi. Usiseme hawapimi kwa sababu hawajui. Kitambaa cha chini ndicho kipimo chao.

Kwetu hapa kitambaa cha chini kipo kabatini: doti ya kanga iliyochakaa, gawa, tumia upande mmoja. Chagua iliyofuliwa miaka, hiyo imekwisha kurudi na haitakusumbua. Uzi uwe wa pamba na uwe mnene kuliko wa cherehani. Bandi ziwe fupi, kama punje ya mchele hivi, na mstari mmoja uwe mbali na mwenzake upana wa kidole. Usiwe na haraka, ni kazi ya jioni nyingi. Na ukingo wa kiraka ukunje robo inchi kamili hata kama kinaonekana kidogo, la sivyo kitafumuka kwa mfuo wa tatu.

Hilo la mtoto limalize kwa utepe mpya kama nilivyoeleza. Kabla hujaweka bitana ya nyuma, litandike mezani usiku mmoja bila kuligusa, asubuhi ulitazame. Kama kuna wimbi moja dogo limebaki kwenye kona, mimi ningeliacha.