Tozo ya boksiti ya Michael Manley ilikokotolewaje?

SWALI: Nasoma uchumi, mwaka wa pili. Mhadhiri alituambia kwamba Waziri Mkuu wa Jamaika, Michael Manley, alizidisha mapato ya boksiti, madini yanayotoa alumini, mara kadhaa ndani ya mwaka mmoja, 1974. Hesabu yake ilikuwaje? Na kwa nini hakupandisha tu mrabaha, yaani malipo ya haki ya kuchimba?

JIBU: Nianze na la pili, maana ndilo lililobeba la kwanza. Boksiti ya Jamaika haikuwa na bei ya soko. Kampuni za alumini, yaani Alcoa, Reynolds, Kaiser, Alcan na wenzao, walichimba ule udongo mwekundu wakajiuzia wenyewe: tawi la Jamaika linauza, kampuni mama ng'ambo inanunua, na bei wanaipanga wao. Ukikusanya kodi juu ya bei kama hiyo, unapima kivuli. Sisi wa ukaguzi wa kodi mchezo huo tunakutana nao hadi leo.

Manley, aliyepikwa katika vyama vya wafanyakazi kabla ya kushika serikali mwaka 1972, aliiacha bei ya udongo akashika bei ya mkuo wa alumini, yaani kipande cha alumini iliyokwisha kuyeyushwa, bei ambayo haifichiki. Tozo ikawa asilimia 7.5 ya bei ya mkuo, kisha ikagawanywa kwa 4.3, kwa kuwa tani moja ya alumini ilihesabiwa kutoka tani 4.3 za boksiti.

Tuchukue tarakimu za kubuni. Mkuo ukiuzwa dola 860 kwa tani, asilimia 7.5 ni dola 64.50. Gawa kwa 4.3, unapata dola 15 kwa kila tani ya boksiti. Sasa turudi kwenye hali halisi: awali serikali ilikuwa ikiambulia kama dola mbili hivi. Mapato yakaruka kutoka chini ya dola milioni 30 kwa mwaka hadi zaidi ya milioni 150. Tena sheria iliweka kiwango cha chini cha uzalishaji cha kutozwa, ili kampuni isikwepe kwa kupunguza uchimbaji. Hapo ndipo ninapomvulia kofia mwandishi wa sheria ile.

Kampuni tatu zilikwenda ICSID, kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia, zikidai mikataba yao ilizuia kodi mpya. Jamaika haikutokea, na mashauri yakaisha kwa maelewano.

Lakini usiishie kwenye mapato. Uzalishaji ulishuka kutoka takriban tani milioni 15 mwaka 1974 hadi chini ya milioni 12 mwaka uliofuata. Sehemu ya lawama ni mdororo wa dunia, sehemu ni tozo yenyewe, kwani Guinea na Australia nazo zilikuwa na boksiti tele. Katika insha yako, zitenganishe sababu hizo mbili.