Ukisimamia apatimenti Marekani, mwache mpangaji achague mwenyewe

Nasimamia nyumba za kupanga Ohio. Kwa niliyoyaona, wasimamizi wanaonitia hofu si wenye chuki. Ni wale wenye roho nzuri.

Mama anakuja na watoto watatu. Nyumba zilizo wazi ni mbili, moja ya chini na nyingine ghorofa ya tatu. Msimamizi anamwambia, "Dada, hii ya juu haikufai, watoto wataanguka kwenye ngazi." Kasema kwa upendo, lakini kisheria kashambagua kwa sababu ya watoto. Muoneshe zote mbili, mtajie kodi, kisha nyamaza.

Sheria yenyewe, Fair Housing Act, ilisainiwa Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Ilianza na rangi, dini na asili ya mtu. Jinsia ikaongezwa 1974, kisha ulemavu na familia zenye watoto 1988, na mjamzito naye yumo. Majimbo na miji mingi ina nyongeza zake, kwa hiyo ulizia za kwenu.

Sisi Waswahili hutuponza matangazo. Kwenye magrupu ya WhatsApp utakuta "Nyumba ipo, vyumba viwili, waliookoka tu," au "Wakongomani msipige." Eti kwa kuwa ni Kiswahili, nani atajua! Mwenye nyumba anayeishi kwenye jengo lake lenye nyumba zisizozidi nne ana nafuu fulani katika kuchagua wapangaji, ila tangazo la kibaguzi halina nafuu hiyo. Na ubaguzi wa rangi ulishapigwa marufuku na sheria ya 1866, jengo liwe dogo namna gani.

Mpangaji anayetembelea magongo akiomba maegesho karibu na mlango, usimjibu "hapa kila mtu anaegesha anapopata." Ombi kama hilo unatakiwa kulitafutia njia.

Halafu weka daftari. Mashirika ya kutetea haki za makazi hutuma watu wanaojifanya wapangaji, mweusi na mweupe, kipato kilekile. Mmoja akiambiwa "imeshachukuliwa" na mwenzake akakaribishwa kuiona, ushahidi umepatikana. Kila anayepiga simu, andika tarehe, saa, nyumba zilizokuwa wazi na kodi uliyomtajia. Mtu ana mwaka mzima wa kulalamika HUD, wizara ya nyumba, na miaka miwili ya kwenda mahakamani.